Nyimbo za Wapagazi Zilikuwa na Watunzi

Msanii huru wa leo, anayetunga mwenyewe na kuzunguka mikoani na gitaa lake, husifiwa kana kwamba ameanzisha jambo jipya. Tabora ilikwishamjua mtu wa namna hiyo katika karne ya 19.

Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne ya safari kutoka pwani. Kitabu cha Burton cha mwaka 1860 kinaeleza jinsi kirangozi alivyotangulia na bendera nyekundu, na wapagazi walivyopiga mbinja, ngoma na kuimba njiani. Wimbo wa mtu mwenye kilo 30 begani hutungwa kwa kipimo cha pumzi: mwanzishaji hutupa mstari mfupi, wenzake huitikia huku yeye akitafuta unaofuata. Huo ni ufundi.

Hata hivyo, sisi wahakiki huziita "nyimbo za kazi", mali ya kabila zima, na swali la nani alitunga linaishia hapo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, jina lake lilibaki kwenye santuri. Mnyamwezi aliyetunga akitembea alibaki katika hesabu ya mizigo.

Basi tunapoandika "mtunzi hajulikani" chini ya nyimbo hizi, tunamlaumu mtunzi kwa kosa la mwandishi. Heri tuandike: "mtunzi hakuulizwa jina".