Jana ya Mwanamke kama Ushahidi: Kuisoma Utengano kwa Jicho la Upelelezi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata umbo lake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla na Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla. Bwana Msa, Inspekta Wingo na, baadaye, Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni wanaume. Wao ndio waulizao. Mwanamke aghalabu ndiye aulizwaye. Akiwa na maisha ya nyuma yenye doa, doa hilo hugeuzwa ushahidi dhidi yake kabla kosa lenyewe halijathibitishwa.

Ni vyema basi kuitazama upya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, ijapokuwa haikuandikwa kuwa riwaya ya upelelezi. Maimuna, aliyefungiwa ndani na babake Maksuudi, anatoroka, anaangukia katika ukahaba, kisha anaiacha njia hiyo. Msomaji mwenye pupa atauliza amekosa nini. Riwaya inamlazimisha aulize swali jingine: ni nani aliyemfikisha pale? Uchunguzi huo unarudi nyuma hadi kwa Mwanasururu, mke aliyedhulumiwa na Maksuudi, na kwa Bi Farashuu, mamake, anayelipiza kisasi kupitia kwa binti asiye na hatia. Hamna mpelelezi humu. Kazi hiyo ameachiwa msomaji. Naye akiifanya barabara, ataona kwamba jana ya Maimuna inawashtaki waliomlea na waliomtumia.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Mombasa bara. Upelelezi wa Kimagharibi, tangu Sherlock Holmes wa London, hutegemea mji wa wageni, ambamo mtu aweza kubadili jina na kuizika jana yake. Likoni, Kisauni na Changamwe hazimpi mtu nafasi hiyo. Avukaye feri asubuhi kutoka Likoni hurejea jioni kwa feri iyo hiyo. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, wa Changamwe hupita Makupa. Wapangaji wa vyumba hushiriki ua mmoja, na habari za mwanamke hutangulia kufika kabla yake. Shujaa wa kike wa upelelezi akiwekwa huko, siri yake haitakuwa siri. Litakalohitaji kufichuliwa ni matumizi yake: nani anaitaja, mbele ya nani na kwa faida gani.

Hapa ndipo Utengano inapofundisha, na ndipo inapopungukiwa. Ndoa na Kabi inamrudishia Maimuna heshima, lakini kwa mkono wa mume, kana kwamba hukumu ya kumwachilia haina nguvu bila sahihi ya mwanamume. Anayesubiriwa bado ni mhusika asiyeificha jana yake wala kuombea radhi, bali anayeitumia kama ujuzi. Aliyewahi kuhojiwa kwa dhuluma anajua swali lipi linatafuta ukweli na lipi linatafuta wa kulaumiwa. Riwaya itakayomkabidhi yeye kazi ya kuuliza itakuwa imeupanua utanzu huu zaidi ya kuuongezea mpelelezi wa kike.