Mdomo wa Sili

Kwenye makarasha ya Geita na Chunya, macho ya wengi huenda kwenye pipa la chuma linalozunguka, golori zikiponda mawe ya dhahabu ndani yake. Mimi hupenda kumtazama fundi aliyeinama pembeni, shafti inapoingia kwenye beringi, akiwa na pete ya mpira mkononi. Hiyo ndiyo sili. Huzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie, na vumbi la hapo lina kwatsi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Likichanganyika na grisi linakuwa msasa, na beringi nayo inaanza kusagwa.

Umeme ukishazimwa na mkanda kuvuliwa, fundi mzuri huanza na sili ya zamani. Huing'oa polepole asije akakwaruza shafti, kisha huigeuzageuza kwenye mwanga. Mdomo wake, yaani ukingo unaoigusa shafti, ukiwa umekakamaa na kupasuka, ni joto: mpira wa kawaida wa naitrili huchoka upesi joto likizidi nyuzi 100 hivi. Ukiwa umelika upande mmoja tu, shafti haijakaa katikati, na kubadilisha sili peke yake ni kutupa hela. Halafu hupitisha ukucha juu ya shafti. Ukucha ukinasa, pana mfereji. Ndiyo, mpira umekula chuma, kwa sababu vumbi hukwama chini ya mdomo na kukata kila mzunguko. Sili mpya ikirudishwa palepale itavuja tu. Mjuzi huisogeza milimita chache mdomo ukae penye chuma kizima, au huivisha shafti bushi nyembamba.

Ninachokistaajabia zaidi ni mdomo unakotazama. Kwenye giaboksi hutazama ndani, kwenye oili, na springi ndogo iliyouzunguka huubana kwenye shafti. Kwenye beringi ya grisi iliyozungukwa na vumbi, fundi huugeuza utazame nje. Asiyejua hudhani amekosea. Lakini grisi mpya ikipampiwa, ile chafu hupenya chini ya mdomo na kutoka na uchafu wake, na vumbi la nje linakosa njia.

Kabla ya kufunga husafisha kwa kitambaa chenye mafuta, hapulizi kwa kompresa. Upepo ungesukuma vumbi ndani ya beringi na ndani ya mapafu ya walio karibu, na vumbi hilo huharibu mapafu kabisa. Kingo kali za shafti huzifunika kwa selotepu zisiuchane mdomo, akaupaka grisi, kisha akaigonga sili taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana sawa nayo, huku na huku, mpaka mlio wa nyundo uwe mzito. Mlio huo humwambia imefika. Karasha huendeshwa kwanza bila mawe, naye husimama hapo, kiganja juu ya hausingi, akisikiliza joto linavyopanda.