Nanga ya Mnyonge

Mtu akisimama pwani ya Nungwi wakati maji yamekupwa na ngalawa zimekaa kimya juu ya mchanga, kisha akaulizwa ni kiungo gani cha chombo kile kilichofikiriwa kwa akili nyingi kuliko vingine, yaelekea atalionyesha tanga, kwa namna linavyokatwa likapata tumbo la kupokea upepo, au mirengu na matengo yake, ambayo humwezesha mja kwenda na gogo la mwembe mpaka mahali ambapo gogo hilo peke yake lingepinduliwa na wimbi la kwanza. Na ni nadra macho yake yatelemke hata kwenye kile kichuma chenye kutu kilichotupwa katika omo, kimezongwa kamba, na kucha lake moja limekunjuka likatazama upande usio wake. Kichuma hicho ndicho ninachotaka kukisifu. Ni nanga ya nondo, na wala haina nakshi, haina jina la mtu aliyeibuni, wala hakuna dukani mahali ilipopangwa. Hata hivyo nimeitazama kwa miaka, na kila nikiitazama namwona ndani yake fundi aliyefikiri sana.

Kabla ya chuma palikuwa na jiwe. Tangu Siraf katika pwani ya Uajemi, na Omani, na pwani ya magharibi ya Bara Hindi, mpaka huku kwetu Kilwa, yameonekana mawe marefu yaliyochongwa pande nne, membamba upande mmoja na manene upande wa pili, yenye tundu la kupitisha kamba kichwani na matundu mawili chini yaliyokatizana msalaba, ambamo zilipenyezwa fimbo za mti mgumu ziwe makucha. Aliyelichonga jiwe la namna hiyo alikuwa amekwisha kung'amua jambo ambalo wengi hawajaling'amua hadi leo, ya kwamba uzito peke yake haushiki chombo. Jiwe la kilo 20 likizama majini hubaki na uzito wa kilo 12 hivi, na likiwa ni la matumbawe yenye matundu hubaki na pungufu ya hapo, kwa sababu maji hulibeba. Basi mvuvi anayetumainia jiwe tupu hulipa jasho la kilo 20 akapata amana ya kilo 12. Kinachoshika ni kucha lililoingia mahali. Ndiyo sababu mabaharia wa zamani walitenga hata majina: nanga kwao ilikuwa ile ya makucha manne isiyo na mti wa kukingama, na ile ya Wazungu, ya mikono miwili na mti uliokingama juu yake, waliiita baura.

Jambo hili la kushika bila uzito lilimshughulisha hata mwanachuoni mkubwa wa Uingereza. Geoffrey Ingram Taylor, bingwa wa hisabati wa Cambridge, alikuwa mpenzi wa kusafiri katika chombo kidogo cha tanga, na nanga za kale zilimchosha, kwa kuwa ili zishike sawasawa zilipasa ziwe nzito kupita kadiri ya mikono ya mabaharia wawili. Basi badala ya kuuliza nanga iwe na uzito gani, akauliza iwe na umbo gani, na mwaka 1933 akaitoa nanga yenye umbo la plau, ambayo kadiri inavyokokotwa ndivyo inavyojichimbia mchangani. Aliipa jina la herufi tatu, CQR, ambazo zikitajwa upesi kwa Kiingereza husikika kama neno lenye maana ya salama. Naitukuza kazi ile, nami naiona kuwa ni moja ya mifano mizuri ya elimu kubwa iliyokubali kushuka mpaka kwenye haja ndogo. Lakini plau ya Taylor ina kiungo kinachozunguka, na pembe zilizopimwa, na chuma kilichofuliwa kwa uangalifu, na bei inayolingana na hayo yote. Fauka ya hayo, ilibuniwa kwa mtu atakayelala juu ya mchanga na tope, ilhali mvuvi wetu wa mishipi riziki yake imo mwambani. Na mwamba hauulizi swali la Taylor. Mwamba huuliza: ukishanishika, utaniachaje?

Uzito wa swali hilo niliujua siku moja katika mkondo ulio baina ya Unguja na kisiwa cha Tumbatu. Tulikuwa watatu katika dau, na mwenye dau alikuwa amenunua nanga mpya, nene, ya chuma kigumu kisichokunjika, akaionea fahari kama mtu anavyoionea fahari saa ya mfukoni. Usiku kucha ilishika, na upepo wa kusi ulipovuma hatukusogea hata shibiri moja. Alfajiri tulipotaka kuing'oa ilikataa. Tulivuta kwa mikono, tukavuta kwa kuizungukia upande wa pili, tukafunga kamba fupi ili wimbi liinue chombo na chombo kiinue nanga, na omo ikainama hata maji yakaingia. Mwisho mwenye dau akachukua kisu bila ya kusema neno, akaikata kamba yake mwenyewe, na mpaka tunafika bandarini hakusema neno. Nanga ile ilikuwa na sifa zote isipokuwa moja. Haikujua kuachia.

Kwa hiyo nilipokaa, baadaye, asubuhi nzima katika kibanda cha fundi mmoja anayefua nanga karibu na wachonga majahazi, nilikuwa na jicho jingine. Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba kazi yake haikuanza na nanga, ilianza na nondo kama inavyouzwa. Nondo dukani huja na urefu wa mita 12. Fundi akiikata vipande vya mita moja na sentimita 20 hupata vipande kumi. Vinne hufanya nanga moja, vinne vingine hufanya ya pili, na viwili vilivyosalia huwa pete na vikuku vya kuzifunga zote mbili. Hapana kinachotupwa. Wengi wangechora nanga kwanza kisha wakaenda kutafuta chuma cha kutosha. Yeye alikiacha chuma kimwambie nanga iwe na urefu gani, na mimi nasema kwamba hiyo ni hesabu ya mtu mwenye adabu mbele ya mali ya watu.

Vipande vinne hulazwa sambamba, ubavu kwa ubavu, vikawa shina. Juu huingizwa pete, kisha shina hukazwa kwa vikuku vilivyopashwa moto na kuchomelewa mahali patatu. Chini, kiasi cha shibiri moja na nusu ya kila kipande huachwa huru, na hapo ndipo fundi alipokaa kitako, akaitia ncha motoni mpaka ikawa nyekundu, akaipenyeza katika tundu la kipande cha reli kilichokuwa fuawe yake, akaikunja polepole, si kwa pigo bali kwa kuiegemea kwa uzito wa kifua chake, huku akiipima kwa jicho dhidi ya kucha lililotangulia. Hakuikunja kama ndoana. Aliiacha wazi kidogo, kiasi cha kiganja kupita baina ya ncha na shina, kwani kucha lililojifunga sana hukamata jiwe lisiliachie, na lililofunguka sana huteleza juu yake. Akamaliza kwa kuzichonga ncha, akaigeuza nanga nzima kichwa chini, akaizungusha mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu hivi, uzito wa kuku wawili.

Kijana mvuvi aliyekuja kuagiza yake alimwambia, "Fundi, mimi nifanyie ya milimita 12, isikunjike."

Mzee hakuinua uso. "Isikunjike, mwanangu, utaing'oa na nini? Au uiwache huko chini, kesho uje uchukue nyengine?"

Katika jibu hilo imo siri nzima ya nanga ya mnyonge. Makucha yake hufanywa ya chuma laini kwa makusudi, na unene wake huchaguliwa ili yawe na nguvu ya kuushinda upepo lakini yashindwe na watu wawili wakisaidiwa na wimbi. Mstari ulio baina ya nguvu hizo mbili ni mwembamba, na fundi huupata kwa unene wa nondo, kwa sababu nguvu ya kukunja chuma cha duara huongezeka kwa haraka kuliko macho yanavyodhani: nondo ya milimita 10 hudai karibu maradufu ya nguvu inayodaiwa na ile ya milimita 8, ijapokuwa ukizishika gizani huenda usizitambue. Kwa ngalawa ya watu wawili hutosha nyembamba, kwa mashua yenye watu wanne huhitajiwa nene. Fundi wangu hakuniandikia hesabu hiyo. Aliniambia tu kwamba humwuliza kila mteja ana chombo gani na huvua wapi, na asiyejibu sawasawa humrudisha akaulize kwao.

Mabaharia wa nchi nyingi wanayo hila nyingine ya jamii hiyo hiyo. Kamba haifungwi kwenye pete ya juu, hufungwa chini kabisa, pale makucha yanapotokea, kisha huletwa juu sambamba na shina na kushikizwa kwenye pete kwa uzi dhaifu. Maadamu mvuto ni wa kawaida, uzi hustahimili na nanga hufanya kazi kama nanga yoyote. Ikinasa, mvuto mkali hukata uzi, kamba ikawa inavuta kutoka chini, na nanga hutoka kinyumenyume kama samaki anayevutwa kwa mkia. Natafakari mara nyingi juu ya uzi ule. Katika chombo kizima kila mtu hutafuta kilicho imara, na papo hapo panahitajiwa kitu kimoja kilichopimwa udhaifu wake.

Lakini nanga njema yaweza kudhulumiwa na amari yake, yaani kamba yake, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimeona vyombo vikipotea kwa ubahili wa kamba. Nanga hushika ikiwa imelala na inavutwa kwa mlalo. Ikivutwa kuelekea juu hung'oka. Na bahari yetu haikai mahali pamoja: katika bamvua, maji ya Unguja hupanda kutoka kupwa hadi kujaa kiasi kinachokaribia mita nne. Aliyetia nanga katika pima mbili wakati wa kupwa, akaachia kamba ya pima nane, amelala na mara nne ya kina, na hilo si baya kwa usiku mtulivu. Saa sita baadaye chini yake mna pima nne, kamba ni ile ile, nayo sasa ni mara mbili tu, imesimama kama mlingoti, na kila wimbi linainyanyua nanga kidogo. Chombo huanza kuburura watu wakiwa katika usingizi wao mtamu. Hesabu ifanywe kwa maji ya kujaa, na kamba iwe mara tano ya kina hicho, na zaidi kukichafuka. Zamani kamba hiyo ilikuwa ya usumba, kazi ya wanawake waliofukia makumbi ya nazi pwani miezi mingi mpaka yakaoza, wakayaponda, wakayasokota mapajani. Nayo ilikuwa na mnyumbuko mzuri wa kupokea mishtuko, ila huelea, kwa hiyo wenye busara walifunga jiwe dogo karibu na nanga ili mvuto ulale. Leo wengi hutumia kamba za plastiki zinazoelea vile vile, lakini lile jiwe wameliacha. Lirudi. Halina bei.

Sitaificha kasoro ya nanga hii. Katika mchanga mtupu makucha yake hupita kama kitana katika nywele, na mwenye kulala mchangani hana budi kumwomba fundi achomelee vibao vya bati nene la pipa kwenye ncha, vya upana wa vidole vitatu, ili kila kucha liwe jembe dogo. Na juu ya matumbawe hai huvunja kazi ya miaka mingi kwa mvuto mmoja. Mvuvi anayewapenda samaki wa kesho huitupa kando, penye mchanga na vifusi vya mwamba mfu, akaacha kamba imfikishe anapotaka kuvua. Nimewaona wanaofanya hivyo, na si wachache.

Wahenga wamesema dau la mnyonge haliendi joshi. Yawezekana, lakini dau hilo lina haki ya kusimama mahali linapotaka, na haki hiyo imo katika nanga ambayo mwenyewe aweza kuinunua, na aweza kuipoteza pasipo watoto wake kulala na njaa. Bei ni sehemu ya umbo lake kama vile kucha lilivyo sehemu yake, kwa kuwa kila nanga ya mwambani siku moja itapotea, na fundi anayesahau siku hiyo hajamaliza kazi.

Yule kijana alichukua ya milimita 8, na pamoja nayo akapewa bure kipande cha bomba chenye urefu wa shibiri mbili. Sikuelewa cha nini mpaka nilipokwenda naye baharini juma lililofuata. Adhuhuri nanga ilinasa. Akafunga kamba fupi, akangoja. Wimbi likaja, omo ikazama kidogo, kisha ikainuka ghafla, na kamba ikalegea mikononi mwake. Nanga ilipofika juu makucha mawili yalikuwa yamenyooka kama vidole. Akalivika kucha la kwanza lile bomba, akalikanyaga shina kwa mguu, akavuta taratibu mpaka likarudi mahali pake, akapenyeza kiganja kupima. Akalifanyia na la pili hivyo hivyo, na mwenziwe alipokuwa bado anashika kasia, akaitupa tena.