Paka Hana Jina, Ana Kwao

Huko Mafia, samaki wanapoteremshwa pwani ya Kilindoni, paka hawakosi. Wapo wa madoa, wapo weusi, wapo wenye masikio yaliyochanwa na ugomvi wa usiku. Mgeni akiuliza yule mwekundu anaitwa nani, aghalabu atatazamwa kwanza, kisha atajibiwa: paka. Akiuliza ni wa nani, jibu litakuja upesi: huyo ni wa kina Mama Fatuma, kazaliwa uani kwao, na mama yake naye alikuwa pale pale. Swali la kwanza limepita bure. La pili limeamsha nasaba nzima.

Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo inayomkwaza mfasiri wa Kiswahili anapolifungua shairi la T. S. Eliot juu ya kuwapa paka majina, lililotangulia mengine katika kitabu chake Old Possum's Book of Practical Cats, kilichochapishwa London mwaka 1939. Eliot, mzaliwa wa Marekani aliyechukua uraia wa Uingereza mwaka 1927, aliwatungia mashairi ya paka watoto wa rafiki zake aliowasimamia ubatizo, akawapelekea katika barua. Tangu Andrew Lloyd Webber alipoyatia muziki na kuyapandisha jukwaani mwaka 1981, waliolisikia shairi hili wamekuwa wengi kuliko waliolisoma, na huenda ndiyo sababu huhesabiwa kuwa mchezo wa watoto. Ni mchezo, lakini si mchezo mtupu.

Dai lake ni kwamba paka hana budi kuwa na majina matatu: moja la kila siku, litumiwalo na watu wa nyumbani, la pili la fahari, lisilomfaa paka mwingine yeyote, na la tatu ambalo paka analijua peke yake, wala hatamwambia binadamu.

Kwa jina la kwanza Eliot anataja majina kama Peter, na kwa wapendao makuu, ya Kiyunani kama Plato. Mzaha huo unategemea sebule ya Kiingereza, ambamo paka huketi kama mmoja wa familia. Mfasiri mvivu ataweka Juma na Zuhura, akidhani ameliswahilisha shairi, kumbe ameliharibu. Pwani, jina la mtoto hutolewa kwa dua, mara nyingi siku ya saba pamoja na akika, na mengi ya majina hayo ni ya mitume, maswahaba na mabibi watukufu. Kumbandika mnyama jina la namna hiyo ni utovu wa adabu. Tena jirani mwenye jina hilo atalihesabu kuwa ni fumbo lililoelekezwa mlangoni kwake, na watu waliozoea kusemezana kwa majina ya kanga hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Je, pwani haina basi cha kuweka mahali pa Peter? Inacho, ila hakitafutwi katika orodha ya majina. Mwanamke akishajifungua, jina lake la kuzaliwa hupumzika, akawa Mama Fulani. Mtoto ndiye aliyempa mzazi jina. Sahaba Abu Huraira, ambaye jina lake hasa hutajwa kuwa Abdurrahman, anajulikana duniani kote kwa kipaka chake, kwani maana ya kunya hiyo ni baba wa kipaka. Ajabu ni kwamba kipaka mwenyewe hakuachiwa jina. Yule Muezza anayesimuliwa kuwa paka wa Mtume ni wa masimulizi ya baadaye, hamo katika mikusanyo mikuu ya Hadithi. Kilichomo, kwa Abu Dawud na Tirmidhi, ni kauli kwamba paka si najisi, kwa kuwa yu miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani. Ametambulishwa kwa mwendo wake na kwa nyumba anayoizunguka. Methali nayo haikwenda mbali na hapo iliposema kuwa paka wa nyumba haingwa. Kwa hiyo jina la kwanza la paka, kwa Kiswahili, ni kwao. "Paka wa kina Mama Fatuma" ni jina kamili, na lina heshima kuliko Plato. Sehemu hii Eliot ameirefusha mno hata kwa Kiingereza. Mfasiri akiifupisha hatakuwa amemdhulumu.

Jina la pili halina taabu kwa wapenda mashairi, maana ndilo lakabu. Washairi wa magazetini wamelitumia miaka mingi kutia saini tungo zao, na Ahmad Nassir wa Mombasa amejulikana kwa Malenga wa Mvita kama anavyojulikana kwa jina lake. Lakabu ni mkia ulioinuliwa: mtu hutembea nayo akijua kuwa anatazamwa. Kwa tabaka hili Eliot amebuni majina yasiyo ya lugha yoyote, na hapa sikio la pwani linaanza kuchangamka. Bombalurina ni mizani mitano, silabi zote wazi, kana kwamba lilibuniwa Jibondo. Ukisema "Mwenyewe Bombalurina" umepata kipande cha mizani minane bila kukata wala kuunga, na kina chake ni -ina, kile kile cha neno jina. Bahati hiyo Eliot hakuwa nayo katika lugha yake. Munkustrap ndiye mkaidi. Akitiwa irabu mwishoni huwa Munkustrapu, na kina chake kitamtupa kwenye kapu.

Jina geni likiingia sikio jingine hubeba mzigo usio wake. Hili Wamafia hawafundishwi. Tarehe ya Kilwa ya karne ya 16 imekitaja kisiwa chao karne tatu kabla neno mafia halijavuma Sicily, lakini bado mgeni husikia jina la kisiwa akacheka kwanza. Kwa sababu hiyo majina ya kubuni ya Eliot yaachwe kama yalivyo, na mkaidi na ukaidi wake.

Shairi lenyewe, hata hivyo, limo katika jina la tatu. Paka amekaa barazani, macho nusu yamefumbwa, na Eliot anadai kuwa anawaza jina lake. Msomaji wa Kiingereza hutabasamu. Msomaji wa pwani ana sababu ya kutotabasamu upesi, kwani anajua jina linavyoweza kutumiwa. Anayekwenda kutazamiwa nyota huulizwa jina lake na la mama yake, herufi zikahesabiwa, na kwa hesabu hiyo mambo yake yakafunuliwa, au yakafungwa. Paka asiyetoa jina lake hahesabiki. Anakula dagaa wa nyumba, analala kwenye mkeka wa nyumba, na bado kuna mlango mmoja ndani yake ambao mwenye nyumba hakupewa ufunguo. Eliot, ili kuusogelea mlango huo, alilazimika kulivunja neno la Kiingereza na kuliunga upya. Kiswahili hakihitaji kuvunja kitu: jina hutamkika, halitamkiki, ni lisilotamkika, na mzizi ni ule ule mmoja.

Limebaki anwani. "Kumpa Paka Jina" ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiingereza, lakini ina mtoaji, na mtoaji huyo ni binadamu. "Jina la Paka" haisemi nani amelitoa.