Kipi Kiachwe

Kwenye mabango ya steshenari za Muleba mjini kazi hii haina jina lake. Pameandikwa kuchapa, kutoa kopi, kuskani, picha za pasipoti, maombi ya mtandaoni. Kugeuza picha kutoka fomati moja kwenda nyingine kumejificha humo humo. Na bado ndiyo inayoamua kama cheti cha kijana wa kisiwa cha Goziba au Bumbire, kilichopigwa picha kwa simu na kuvuka ziwa kwa WhatsApp, kitapokelewa na Ajira Portal, mfumo wa serikali wa maombi ya kazi. Nadai kwamba huu ni ufundi kamili, na kiini chake ni uamuzi: kipi kiachwe, kipi kisiguswe.

Watu wa Kagera, mkoa wenye Muleba, wana mfano wake mlangoni. Kahawa ya robusta huvunwa, ikaanikwa na maganda yake, ikapelekwa chama cha msingi, ikakobolewa. Nyingine huishia kiwanda cha TANICA pale Bukoba, ikatoka unga unaoyeyuka kikombeni bila machicha. Kila hatua huacha kitu na kuifanya kahawa isafiri kirahisi zaidi, lakini hakuna awezaye kuurudisha unga ule uwe buni. JPEG, kiwango kilichotolewa mwaka 1992, hufanya vivyo hivyo. Huigawa picha katika miraba midogo ya nukta nane kwa nane, ikapima ndani ya kila mraba mabadiliko ya polepole na ya ghafla ya mwanga na rangi, kisha ikatupa sehemu kubwa ya yale ya ghafla, kwa kuwa jicho la binadamu haliyatambui sana. Picha ya nukta milioni 12, ambayo ikiwa ghafi ni kama MB 36, hushuka hadi MB tatu au nne, na uso wa mtu usionekane umepungukiwa chochote. Hesabu iliyo nyuma ya maajabu hayo tunadaiwa na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, aliyeibuni na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Cheti, hata hivyo, si uso. Ukingo wa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni badiliko la ghafla tupu, yaani kile kile JPEG inachokimbilia kutupa. Kuza cheti kilichotumwa na kutumwa tena: kila herufi imezungukwa na vumbi la kijivu, wino wa bluu wa muhuri umevuka duara lake, na kwenye namba ya mtihani 3 imeanza kufanana na 8. Fundi anayeijua kazi humwambia mteja atume upya kama dokumenti, maana picha ya kawaida WhatsApp huibana. Karatasi ikiwepo, anaiskani. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una nukta karibu milioni 8.7, akishusha hadi 150 inabaki robo, maandishi bado yanasomeka, ila saini nyembamba na muhuri uliofifia huenda visistahimili. Hapo ndipo pa kuamua. Picha ya pasipoti ataiacha JPEG. Nembo ataihifadhi PNG, ambayo haitupi kitu. Vyeti vitatu atavifunga katika PDF moja. Na HEIC ya iPhone, ambayo Apple ilianza kuitumia mwaka 2017, ataigeuza kwanza, kwa sababu kompyuta nyingi za ofisini hazitaki kuifungua. Kuna kosa moja linalonikera: kuigeuza JPEG iliyochakaa kuwa PNG kwa matumaini kwamba itang'aa. Huko ni kumimina kahawa ya unga kwenye gunia la maganda.

Watasema tovuti za bure hufanya yote haya kwa kubonyeza mara moja. Kubonyeza ni rahisi, kweli. Lakini tovuti haijui kwamba namba ya mtihani ina thamani kuliko weupe wa karatasi. Inabana kote sawasawa. Isitoshe, cheti cha kuzaliwa kinakuwa kimekabidhiwa kompyuta isiyojulikana iko nchi gani, wakati sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bando likishuka bei na mtandao ukiongeza kasi, kubana hakutakuwa na maana. GIF ya 1987 ilitengenezwa kwa ajili ya laini za simu za kobe. Kasi imepanda mara maelfu tangu hapo, na fomati zimezidi kuzaliwa, WebP mwaka 2010, kisha HEIC, kwa kuwa kamera nazo hazikusimama. Na mfumo wa maombi una kikomo chake cha ukubwa wa faili, hata kama una bando la mwezi mzima.

Faili la kwanza, lile zito lisilopunguzwa, fundi mzuri humpa mteja kwenye flashi na kulifuta kwenye kompyuta ya duka. Kabla ya kutuma anaifungua ile PDF, anaukuza muhuri hadi ujaze kioo, kisha anasoma namba moja moja, karatasi yenyewe ikiwa mkononi.