Si kila mchezo ni wa kuchezea

Keroka ni mji wenye mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Ukivuka barabara kwenda kununua ndizi, huenda umevuka pia mpaka wa kaunti. Kinyozi wangu ana kibanda hapo, na Jumamosi moja alasiri niliingia kupunguza mvi zilizosalia kichwani. Nilifuatana na mjukuu wangu wa Kidato cha Pili. Ndani tuliwakuta vijana sita au saba, wengi wao wahudumu wa bodaboda, wamekodolea macho televisheni iliyotundikwa ukutani.

Katika muda wa saa moja nilisikia mada tatu. Ya kwanza ilikuwa Shabana na mpira wake. Ya pili ilikuwa kipindi cha vichekesho kilichokuwa kikirudiwa, ambamo mwigizaji alijifanya mzee wa Kigusii anayeshindwa kutamka Kiswahili. Ya tatu ilimhusu mwendeshaji mwenzao ambaye alipenda kuinua gurudumu la mbele la pikipiki na kwenda kwa gurudumu moja, na ambaye siku hiyo alikuwa kitandani mguu ukiwa kwenye plasta. Nikatambua kwamba mada zote tatu zilifungwa kwa maneno yale yale: “Aah, hiyo ni mchezo tu.”

Mimi ni mwalimu wa lugha, na neno moja likifanya kazi tatu katika saa moja, siwezi kunyamaza. Tena nilikuwa na sababu ya karibu zaidi. Mwigizaji alipotamka na kibanda kizima kikaangua kicheko, mjukuu wangu hakucheka. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani akaniambia kwamba mwalimu wake alimteua kusoma taarifa ya habari ya Kiswahili gwarideni, naye akakataa. “Babu, nikiteleza niseme ‘r’ mahali pa ‘l’, wananiita jina la yule wa TV. Sitaki.”

Basi tulichunguze neno lenyewe. Kitenzi ni ‘cheza’. Ukikiambatanisha na ‘na’, unapata mwenzio: Shabana inacheza na Gor Mahia. Kuna pande mbili, na kila upande unajua kwamba uko mchezoni. Ukikinyambua katika kauli ya kutendea, unapata ‘chezea’, na hapo ndipo penye utata. Mchezaji anaichezea Shabana, yaani anacheza kwa faida yake. Lakini paka naye anamchezea panya, na sote tunajua faida ni ya nani. Kiambishi ni kile kile, maana mbili zinazotazamana kama mahasimu. Ndiyo maana wahenga walituachia methali mbili ambazo mtu asiye makini angedhani zinapingana: mcheza kwao hutuzwa, na mchezea zuri baya humfika. Ya kwanza inamsifu anayecheza, na ya pili inamwonya anayechezea. Kwa hiyo mtu akikwambia “ni mchezo tu”, swali la kumuuliza ni hili: mnacheza na nani, au mnamchezea nani?

Nianze na mpira, kwa sababu ndipo Kiswahili cha kibandani kilikuwa katika ubora wake. Vijana hao walizungumza bila woga wowote. Mmoja alisema beki wa kushoto “anakaba kama mtu anayeogopa kuchafua jezi”. Mwingine akamjibu, “Wacha wewe, hiyo ni timu imekula hasara miaka na miaka, sasa imerudi unataka icheze kama Barcelona?” Alikuwa na hoja. Shabana ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2006, na ilirejea msimu wa 2023/24, yaani baada ya miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule timu iliposhuka alikuwa karibu kupata kitambulisho iliporudi Ligi Kuu.

Mashabiki wake huiita Tore Bobe. Tafsiri ya neno kwa neno ni ‘tuko vibaya’, na msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa kijana wa mjini akisema “tuko vibaya” anamaanisha kwamba hatushikiki. Ekegusii na Kiswahili cha mtaani vimekutana katika jina moja, na hakuna aliyeaibika.

Si kwamba kila maoni ya kibandani yalikuwa sahihi. Kijana mmoja alidai kwamba mbio ni za majirani zetu, na sisi Wagusii “hatujawahi kuwa watu wa mbio”. Nilimkumbusha kwamba medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Naftali Temu, mtu wa Nyamira, aliyeshinda mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968. Kabla yake, Nyantika Maiyoro alikuwa ameshaiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Melbourne mwaka 1956. Kijana akacheka, akasema, “Tata, basi nimefungwa bao.” Huo ndio uzuri wa mchezo wenye pande mbili. Unakosea, unajibiwa, unakubali, na kesho unarudi.

Sasa tuje kwenye vichekesho. Sitakitaja kipindi wala mwigizaji, kwa sababu tatizo halikuanza kwake wala halitaishia kwake. Nakosoa mtindo. Kosa lake la kwanza ni la ufundi. Ekegusii hakina sauti ‘l’ ya kujitegemea. Chenyewe kina ‘r’, na ndiyo maana kalamu ilipoingia kwetu ikawa ekaramu. Hakina ‘z’ pia, na meza ikawa emesa. Huo ni utaratibu unaotabirika. Lakini mwigizaji wetu alimfanya mzee wake aseme “lafiki” na “balabala”, yaani kinyume kabisa cha mwelekeo huo. Alichukua mzaha uliokwisha kutumika kwa jamii nyingine, akauvisha kofia ya Mgusii. Kama mtu anataka kuniigiza, angalau anisikilize kwanza.

Hata hilo la kugeuza sauti si la kuchekwa. Kiswahili chenyewe kilijengwa hivyo. Neno la Kireno mesa likawa meza, la Kiingereza driver likawa dereva, na hakuna anayesema Waswahili walishindwa kutamka. Ekegusii kimekifanyia Kiswahili kile ambacho Kiswahili kilizifanyia lugha nyingine.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa maana ni la maadili ya utani wenyewe. Najua nitakavyojibiwa. Mtaniambia kwamba Wagusii wenyewe ndio hucheka kuliko wote, na ni kweli. Pale kibandani walicheka hadi kinyozi akasimamisha mashine. Mtaniambia pia kwamba Afrika Mashariki ni nyumba ya utani. Nakubali. Tanzania ina mila ndefu ya utani baina ya makabila, ambamo mtani anaruhusiwa kukwambia lolote hata matangani. Mila hiyo ndiyo iliyowapa Simba na Yanga jina la watani wa jadi. Sisi Kenya tuna Gor Mahia na AFC Leopards, ambao pambano lao tunaliita debi ya Mashemeji. Tazama maneno hayo, watani na mashemeji. Yote mawili yanataja uhusiano. Anayekutania leo anajua kwamba zamu yako itafika, na kwamba mtakutana tena kwenye harusi au mazishi. Utani ni kucheza na mtu.

Mzee wa Kigusii wa televisheni hana zamu. Hajibu, hana hoja, hana jina la maana wala jambo alilotaka kusema. Ameletwa ili atamke vibaya, kisha aondolewe. Huko ni kumchezea mtu.

Mtu asidhani nakataa lafudhi katika sanaa. Mzee Ojwang’ wa Vitimbi alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo kwa miaka mingi, na nchi nzima ilimpenda. Aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Ilikuwaje basi mtu wa kabila moja akaigiza lafudhi ya jingine na asionekane anadharau? Kwa maoni yangu ni kwa sababu Ojwang’ alikuwa mtu kamili. Alikuwa na mke, Mama Kayai, alikuwa na ujanja, tamaa na hofu, na mara nyingi yeye ndiye aliyetuchekesha kwa akili yake. Lafudhi ilikuwa nguo aliyoivaa, na chini ya nguo palikuwa na mtu. Kwa mwigizaji wa siku hizi mara nyingi ni nguo tupu iliyotundikwa kwenye kamba.

Au mkumbukeni Walter Mong’are, ‘Nyambane’ wa kundi la Redykyulass. Huyo Mgusii aliigiza sauti ya Rais Moi wakati Moi bado alikuwa Ikulu. Aliyechezewa pale alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini, na mwenye uwezo wa kujibu. Kicheko kilipanda juu. Kicheko kinachomshukia mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyeshika karatasi ya habari gwarideni ni cha aina nyingine.

Siombi polisi waitwe. Tuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya machafuko ambayo sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Borabu na Sotik hatuwezi kuyasahau. Sheria hiyo ni ya chuki, na kichekesho kibovu si chuki. Dawa ya kichekesho kibovu ni uhakiki, na baada ya uhakiki kichekesho bora zaidi. Malighafi ipo tele. Kwa mfano, katika Ekegusii ‘baba’ ni mama, na baba ni ‘tata’. Fikirieni siku ya wazazi shuleni, mwalimu mgeni kutoka Pwani anamwambia mtoto, “Kesho njoo na baba,” na kesho yake mama anafika akiwa amevaa vizuri. Hapo wote wawili wako sahihi, wote wawili wamekosea, na kila mmoja ana zamu ya kumcheka mwenzake. Kichekesho cha namna hiyo kinamtaka mwandishi ajue lugha mbili.

Limebaki suala la kijana mwenye plasta. Sitajifanya mtakatifu. Utotoni tuliteremka vilima vya Manga tukiwa tumekalia magogo ya migomba, na kovu la goti langu la kulia ni la mwaka wa mwisho wa mchezo huo. Mtu akijihatarisha peke yake, gharama anailipa mwenyewe, na hilo angalau lina uaminifu fulani. Lakini kijana yule, wenzake walisimulia, alikuwa pia akiinua gurudumu akiwa amebeba abiria, “ili kuwachangamsha”. Huyo abiria hakuja kucheza. Alitaka kufika sokoni. Pikipiki ilichezeshwa na mmoja, na maisha yaliyochezewa ni ya wawili.

Kuna na hatari isiyovunja mfupa. Vijana wale wale walikuwa na simu mkononi, kila mmoja na ‘mkeka’ wake, yaani orodha ya mechi alizowekea pesa. Timu moja ikipoteza, “mkeka umechanika”. Lugha yetu rasmi inaiita shughuli hiyo mchezo wa bahati nasibu, na neno ‘mchezo’ hapo linafanya kazi ya kupaka asali. Katika mchezo wa kweli wa pande mbili, mpinzani huchoka. Huyu wa kwenye simu hachoki, na kanuni alizitunga yeye. Mkeka ni kitu cha kulalia, kusalia na kumkaribishia mgeni. Inasikitisha kwamba kijana wa Keroka anaujua zaidi ule unaochanika kila Jumamosi usiku.

Nimerudi pale nilipoanzia, kwa neno moja lenye kazi tatu. Sipendekezi tuliache neno ‘mchezo’. Ni neno zuri na tunalihitaji. Ninachopendekeza ni kwamba tuliulize swali kila linapotumiwa kufunga mjadala. Nani anacheza, nani anachezewa, na hasara ikija italipwa na nani? Waigizaji wetu nao nawaomba watuchezee kwa maana ile ya kwanza, kama winga wa Shabana anavyoichezea timu yake pale Gusii Stadium.

Jioni ile nilimwandikia mjukuu wangu maneno mawili kwenye karatasi: egekombe na egetabu. Nikamuuliza kwa nini hatusemi ‘ekekombe’ na ‘eketabu’ ilhali tunasema ekerogo na Ekegusii. Hakujua. Nikamweleza Kanuni ya Dahl, kwamba ‘k’ ya kiambishi hugeuka ‘g’ ikifuatwa na silabi yenye ‘k’, ‘t’ au ‘s’, na kwamba kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyowapa majirani zetu wa Mlima Kenya jina la lugha yao, Gĩkũyũ. Akayatazama maneno yale kwa muda mrefu. “Kumbe tuna kanuni?” akauliza. Nikamwambia tunazo, na wataalamu wamezichunguza.

Kuhusu taarifa ya habari hajakubali bado. Amesema atafikiria. Mwalimu wake amemwekea nafasi hadi muhula ujao.