Mikono ya Kaseja

Siku hizi kipa akisifiwa, husifiwa miguu: ana pasi ndefu, anaanzisha mashambulizi. Sina ugomvi na miguu. Ila nikimwona kipa kijana wa ligi yetu akiutema mpira mwepesi uliomjia kifuani, kisha akawageukia mabeki wake na kuwafokea, namkumbuka Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Simba na timu ya taifa, Taifa Stars.

Kaseja hakuwa mrefu. Kwa macho ya leo, yanayompima kipa futi kabla ya kumwona akidaka, huenda asingevuka hata majaribio. Upungufu huo aliufidia kwa kuwahi. Krosi haijapigwa, yeye ameshasogea hatua mbili. Kwa hiyo kazi yake nzuri kuliko zote haikupendeza pichani, maana aliyesimama panapostahili hana sababu ya kuruka.

Na palikuwa na matuta ya penalti. Mwaka 2003 Simba, Kaseja akiwa golini, ilikwenda Cairo kuwakabili Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, ikiwa na bao moja la Dar es Salaam mkononi. Ikafungwa 1-0, wakaenda kwenye penalti mbele ya umati wa Wamisri. Kocha wa Simba alikuwa James Siang'a, Mkenya aliyewahi kuwa kipa wa timu ya taifa lake, na sidhani kama ni bahati tu kwamba kipa kijana siku ile alikuwa mikononi mwa kipa mzee. Simba ilishinda 3-2. Nionavyo mimi, siri ya Kaseja kwenye penalti ilikuwa subira. Makipa wengi hujitupa mapema wakihofia kuonekana wamezubaa. Yeye alimwacha mpigaji aamue kwanza, akamnyima hata dalili ndogo ya kumsaidia. Kusimama wima huku nchi nzima imeshika roho si jambo dogo. Baada ya Cairo, watoto waligombea kukaa golini, mahali ambapo zamani aliachiwa asiyejua mpira.

Mei 2012, Simba ilipowachapa watani wa jadi, Yanga, 5-0, bao moja lilikuwa la penalti ya Kaseja mwenyewe. Mwaka uliofuata Simba ikaachana naye. Akarudi Yanga, ambako aliwahi kupita kabla, na Desemba ile ile Simba ikawafunga 3-1. Lawama zote zikamwangukia yeye. Mashabiki waliomwita Tanzania One wakaanza kumhesabia miaka.

Walihesabu vibaya. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34 na akiidakia klabu ya KMC, aliitwa Taifa Stars. Kasarani, Kenya wakatolewa kwa matuta 4-1. Mwezi uliofuata, Dar es Salaam, Burundi hawakupata hata tuta moja: 3-0. Waliomzika wakaimba jina lake bila haya.

Pondamali, Mambosasa, Mwameja, Kaseja, Manula: kila kizazi kilikuwa na kipa wake wa nyumbani wa kubishaniwa vijiweni. Kisha mwaka 2021 mlango wa Yanga akaupata Diarra wa Mali, na mwaka 2024 Simba nao wakamfuata Camara Guinea. Ni makipa hodari, wala kosa si lao. Kosa ni la klabu zinazotoa fedha nyingi kumnunua kipa aliyeiva, huku timu zao za vijana zikikosa hata glovu.